Nimenyanyuliwa Kwenye Baraza Niliyoijenga

Siku ya pili ya msiba wa rafiki yangu, asubuhi, nimekaa barazani na tasbihi mkononi, alinijia askari wa hoteli akaniambia ninyanyuke. Baraza ile nimeijenga mie. Sisemi nilisimamia, wala sisemi nilikuwepo ikijengwa. Nimeijenga kwa mikono hii, jiwe baada ya jiwe, chokaa nimeiloweka mwenyewe, na lipu ya mwisho nimeipiga nikiwa magotini siku tatu, mpaka leo goti la kulia halikunjiki sawasawa nikisali. Nikanyanyuliwa kama paka aliyelala juu ya nguo za watu.

Naandika na hasira, na sioni haya. Watu wa umri wangu huambiwa wasikasirike, presha itapanda. Na ipande.

Mie ni mtu wa kisiwa cha Tumbatu. Skuli niliacha darasa la tatu, mwalimu alinipiga kwa kosa la mwenzangu, nikaapa sirudi na sikurudi. Nilichosoma nimesoma chuoni, kwenye Kurani, na kingine nimekiokota njiani. Nilikuja mjini na msuli mmoja kiunoni na shati moja, nikamfuata mwashi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza nyumba za Mji Mkongwe, nikamwambia nitambebea mawe mpaka anifundishe. Nilimbebea miaka miwili. Hakunifundisha kitu, nilimwibia kwa macho. Nyumba zilizosimama kwa mkono wangu leo zimejaa vichochoro vile, na nyumba yangu mwenyewe nimeijenga Mpendae, mtaa wa nje ya mji, na sikumwinamia mtu.

Nakwambieni haya ili mjue kuwa nikizungumzia mji sizungumzi kama wale wanaokutana kwenye kumbi zenye baridi wakasema utamaduni, utamaduni, kisha wakagaiwa maji ya chupa wakenda zao. Wao husema mji ule umejengwa kwa mawe. Mie niliyeyabeba hayo mawe nasema mawe yamekuja mwisho. Kwanza ilikuja adabu.

Angalia. Mtu akikubishia hodi, humwingizi ndani moja kwa moja, ndani mna wanawake na wako huru nyumbani mwao. Na humwachi amesimama njiani, ni aibu, atasema kwao kuwa kwako hakukalishwa. Basi utamweka wapi? Hapo ndipo ilipotoka baraza. Wazee hawakuchora baraza kwanza kisha wakatafuta watu wa kuikalia. Walikuwa na mgeni, na walikuwa na heshima ya nyumba, wakajenga jiwe baina ya viwili hivyo. Mlango wa nyumba hii haukabili mlango wa nyumba ile, na hiyo pia ni adabu, si hesabu za fundi. Masika yakija, kichochoro kikawa mto, watu hupita juu ya baraza, baraza hii mpaka ile, viatu mkononi, na hakuna anayeuliza unapita kwa nani. Mwenye nyumba baraza ni yake kwa kuifagia. Kukaa ni kwa yeyote. Mzee aliyechoka na kapu lake kutoka sokoni Darajani atakaa. Mama atatua mzigo. Na mtu akifa, wanawake hujaa ndani na wanaume hujaa nje, barazani, siku tatu.

Kichochoro cha rafiki yangu kilikuwa na baraza upande mmoja tu, maana ni chembamba. Upande wa kulia, nyumba kubwa ya ghorofa tatu, na baraza yake ndefu. Upande wa kushoto, nyumba ya rafiki yangu, vyumba viwili vya chini, ukuta umesimama wima mpaka njiani. Baraza ile moja ilikuwa ya pande zote mbili. Haikuandikwa popote, ilijulikana.

Rafiki yangu alikuwa fundi saa. Kwao walikuwa Waarabu wa mashamba, wenye mikarafuu. Yeye mikarafuu hakuiona. Alichokiona yeye ni meza ndogo mlangoni pake, na kile kioo cha kubana jichoni. Tulijuana nilipokuwa nachanganya udongo mlangoni kwake akanilalamikia vumbi, na tangu siku hiyo, miaka arubaini, hatukuacha kutukanana.

"Mtumbatu," huniambia, "leo umekuja na samaki au umekuja na harufu yake?"

"Nimekuja na harufu. Samaki mliwamaliza na babu yako."

Kila siku baada ya alasiri, kazi yangu ikisha, tulikaa kwenye baraza ile ya mkabala. Kahawa, na kashata, na uongo mwingi. Nilipohamia Mpendae nilikuwa narudi. Mke wangu akisema nimeoa wake wawili, mmoja nyumbani na mmoja wa jiwe.

Wenyewe wa nyumba kubwa wakatawanyika, wengine wakafa, nyumba ikauzwa, ikawa hoteli. Sina neno na hoteli. Nyumba iliyo tupu huanguka, na nimeziona zikianguka. Mwenye mali simjui, sijapata kumwona uso. Namjua msimamizi wake, mtu wa makamo, babake alikuwa mtu wa mtaa wa Kikwajuni na akija pale pale barazani kucheza karata nasi. Huyo msimamizi ndiye aliyenifuata Mpendae, nikamkuta mlangoni nikitoka msikitini, akaniambia baraza imebomoka na mafundi wake hawaiwezi.

Nilikwenda kuitazama. Mtu alikuwa kaiziba kwa saruji. Nikatukana hapo hapo. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta pumzi. Ukiuziba kwa saruji unatoka jasho ndani kwa ndani, chumvi inapanda, lipu inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Lakini saruji inakauka siku moja, na watu wa siku hizi wanataka kila kitu kiwe kimekwisha jana. Chokaa haina haraka. Unaichoma, unaimwagia maji inachemka yenyewe bila moto, kisha unaifukia shimoni ikae miezi. Ukiitumia mbichi itakuaibisha.

"Mzee," msimamizi akaniambia, "sisi tunataka baraza ya asili. Kama ile ya zamani hasa."

Nikafurahi. Mjinga mie, nikafurahi. Nilimuuliza urefu, nilimuuliza kimo, nilimuuliza ukingo niuweke wa mviringo au wa pembe. Nilimwambia atasubiri, akakubali kusubiri. Nilimuuliza kila kitu isipokuwa kimoja. Sikumuuliza baraza ni ya nani. Kwetu hakuna mtu anayeuliza swali hilo. Nani anachimba kisima kando ya njia kisha akaulizwa maji ni ya nani? Mwashi yeyote wa mji ule angekosea kama nilivyokosea.

Niliijenga vizuri, na sitajifanya mnyenyekevu. Niliteremsha mgongo wake kidogo, mtu akiegemea usimchome. Nilipiga lipu mpaka ukipitisha kiganja unadhani unapapasa yai. Rafiki yangu aliiacha saa ya watu mezani, akavuka, akakaa wa kwanza, chokaa haijakauka sawasawa, nikamfukuza.

"Nyanyuka, utaacha alama ya makalio yako."

"Iache," akasema. "Wajukuu watakuja kuizuru."

Wiki mbili tukakaa. Wiki ya tatu nimefika alasiri nakuta mito. Mito mikubwa ya hariri, buluu na nyekundu, imepangwa baraza nzima. Na mnyororo mwembamba wa shaba umefungwa kutoka ncha mpaka ncha. Na ukutani kibao, maandishi ya kizungu. Mie kizungu sikijui. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbele ya kibao, kioo chake jichoni, utadhani anatazama ndani ya saa.

"Kinasema nini?"

"Kinasema hii inaitwa baraza."

"Na kingine?"

"Kinasema hapo zamani wenyeji walikuwa na desturi ya kukaa hapa na kuzungumza."

Nikamtazama. Akakitoa kioo jichoni, akakifuta kwa pindo la msuli.

"Tushakufa, yakhe," akasema. "Tumeshaandikwa."

Alicheka. Mie sikucheka, nilitaka kuingia ndani nikamkamate mtu. Akanishika mkono, akanambia tusigombane na majirani, watajua wenyewe. Alikuwa mtu wa kusubiri, kazi yake ilimfundisha. Tukageuza makreti mawili ya soda upande wake wa njia, tukakaa hapo, magoti juu, tukiitazama baraza yangu. Tulikaa hivyo miezi. Mara nyingine wanakaa wageni wawili watatu kwenye mito, wanatupungia mkono, naye anawapungia. Akiniambia, "Mtumbatu, wewe ndiye fundi wa kwanza duniani aliyetandika kitanda akalala uvunguni." Nilikasirika kila alipolisema, na alilisema kila siku.

Akafa Jumatano, mezani pake, saa ya mtu iko wazi mbele yake. Nilipigiwa simu Mpendae. Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri, na usiku ule tulisoma msikitini. Siku ya pili ndiyo watu walianza kuja nyumbani kutoa pole, na nyumbani ni vyumba viwili, wanawake wamekaa mpaka jikoni. Wanaume wakae wapi?

Nilifika mapema kwa ajili hiyo. Nikaufungua mnyororo, nikauzungusha vizuri nikauweka pembeni. Nikaitoa mito, mmoja mmoja, nikaipanga mlangoni kwa hoteli, sikuutupa hata mmoja. Nikakaa. Wakaja wazee wengine, wakakaa. Tukafungua Yasini. Ndipo akaja yule askari, mtu mzima, mwenye ndevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, niwie radhi. Hapa hapakaliwi."

"Hapakaliwi na nani?"

"Hapa ni pa wageni wa hoteli."

"Unajua kuwa kichochoro kimefiwa?"

"Najua, mzee. Nilikwenda makaburini. Na udongo nimetia."

"Basi kaa nasi."

Akatazama chini. "Nina watoto, mzee," akasema.

Huyo sikumkasirikia. Walionikasirisha ni wenzangu. Walinyanyuka. Kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, wakishikana mikono kusaidiana, wakanyanyuka, wakisema tusifanye fujo kwenye msiba wa watu. Nilibaki peke yangu dakika kidogo, kisha na mie nikanyanyuka, kwa sababu mtu mmoja aliyekaa na kumi waliosimama anaonekana mwendawazimu. Hilo ndilo nisilojisamehe.

Vikaletwa viti vya plastiki vya kuazima, vikapangwa njiani. Kichochoro chembamba, kama nilivyosema. Kila ukija mkokoteni wa masanduku ya wageni, tunasimama, tunakunja kanzu, tunainua viti juu ya vichwa, mkokoteni unapita, tunarudisha viti, tunatafuta aya tulipoishia. Mkokoteni ulipita mara tano. Mzee mmoja mwenye bakora alichoka, mara ya tatu hakukaa tena, aliegemea ukuta akasoma kwa kusimama. Na mbele yetu, mito ya hariri imeshapangwa upya, na juu yake hakuna mtu. Siku nzima hakukaa mtu.

Alasiri msimamizi akaja mwenyewe, kanzu safi, amevua viatu mlangoni kwa mjane, ametoa pole yake ndani kama inavyotakiwa. Si mjinga, amelelewa. Kisha akaniita pembeni.

"Mzee, poleni sana."

"Tushapoa."

"Yale ya asubuhi yameniuma. Lakini na mie nina wakubwa juu yangu. Sasa nina fikra, na naona itatufaa sote."

"Sema."

"Wageni wetu wanapenda utamaduni. Wewe na wazee wawili watatu, msiba ukisha, mnakuja kila siku alasiri. Kanzu, kofia za viua, mnakunywa kahawa, mnacheza bao. Hapo hapo barazani. Na tutakulipeni."

"Mtatulipa kwa kukaa."

"Kwa kukaa tu, mzee. Hamna kazi yoyote."

"Na magharibi ikiingia?"

"Magharibi mnakwenda zenu, maana ndio wakati wageni wanapokaa wao."

"Na mmoja wetu akifa?"

Alianza kucheka, akaniona, akaacha.

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia babake alikalia baraza hii miaka, akakopa karata kwetu, akalia hapa alipofiwa na mkewe, na hakuna aliyemlipa wala aliyemnyanyua. Nilimwambia mji si ngozi ya kuvuliwa mnyama ikajazwa pamba. Nilimwambia yeye anauza kiti cha babake. Sauti yangu ilipanda, nawaona wazee wamegeuka, na sikujali. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, taratibu, bila ubaya, na ndiyo maana lilichoma:

"Mzee, nilikufuata kwako Mpendae siku ile. Nilisimama nje ya geti saa sita mchana, nagonga, nagonga, mpaka ulipotoka msikitini. Sikuona hata jiwe la kukalia. Baraza yako wewe iko wapi?"

Sikungoja magharibi.

Nilirudi Mpendae nikasimama mbele ya nyumba yangu, upande wa nje, kama mgeni. Sijapata kusimama hapo maishani, mie hupita tu. Ukuta wa matofali ya saruji unanipita kimo. Juu yake vipande vya chupa, kimoja kimoja nilivipanga mwenyewe. Geti la chuma. Njia nzima iko hivyo, ukuta na geti, ukuta na geti, na watu wanatembea katikati na mizigo yao kama wako baina ya magereza. Tunasema mji unauliwa na hoteli. Huku Mpendae hamna hoteli. Huku tumeuua wenyewe. Na mie, mwashi, niliyejenga baraza za watu nusu ya Mji Mkongwe, nilipopata kiwanja changu niliweka chupa. Kwa nini? Nitasema kweli. Nilikuwa nimetoka na msuli mmoja, na nilitaka watu wajue nina kitu cha kufungiwa geti.

Khitma ya msiba ilipokwisha, nikatoa nyundo.

"Umri huu unavunja?" mke wangu akaniuliza.

"Navunja."

"Na wezi?"

"Wezi waje wakae."

Nilizivunja chupa zote upande wa njia, nikaupunguza ukuta mpaka kifuani, na chini yake, nje, mwembe wa jirani unapotia kivuli, nikajenga. Mawe nilikuwa nayo kidogo nyuma ya nyumba, na chokaa pipa moja, imelala tangu kazi ya hoteli. Dhiraa saba urefu wake. Majirani walikuwa wakipita wakisimama.

"Mzee, unafungua duka?"

"Sifungui."

"Unapangisha?"

"Sipangishi."

"Sasa hiyo unamjengea nani?"

Swali lile lile. Kule mjini halikuwa na mwenye kuliuliza, na mie sikuliuliza pale nilipotakiwa. Mpendae waliniuliza wote, mpaka watu wazima niliosali nao safu moja miaka. Wengine nilikuwa sijui nyumba zao ndani zikoje, wala wao yangu. Mmoja akanishauri nitie bati na kufuli.

Niliifunika magunia ya maji mpaka ikakauka inavyotaka yenyewe. Siku ya kwanza nimeyatoa magunia, hakukaa mtu. Ya pili hakukaa mtu. Nilikaa peke yangu baada ya alasiri, watu wakanisalimia wakapita haraka, wakidhani naumwa. Kuku wakapanda. Mjini nikenda kumjulia hali mjane, napita mbele ya mito na mnyororo, najiambia sitazami. Uongo. Natazama kila mara, na kila mara damu inanichemka upya, na lipu yangu bado haina hata ufa mmoja.

Siku ya tisa nilikuwa ndani ya ua, mlangoni kwangu, nazungusha tasbihi. Kwa vile ukuta sasa uko chini, nilimwona mama mmoja muuza vitumbua anakuja na beseni kichwani, jua limemkaa usoni. Simjui, si wa njia yetu. Alifika kwenye baraza, akatua beseni, akakaa, akavua ndala, akaweka miguu juu ya jiwe. Hakubisha hodi. Hakuangalia getini. Akafungua chupa yake ya maji akanywa, akaegemea pale nilipoteremsha mgongo wa jiwe. Akapita mwanamke mwengine na ndoo, naye akamwita kwa sauti, kama pale ni pake tangu azaliwe:

"Njoo utue, bibi wee. Hapa pana kivuli."

Yule mwengine akatua. Sikutoka nje. Ningetoka wangenishukuru, ingekuwa yangu, na ingeharibika.